Wafalme wa Usiku Mmoja

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Ndivyo wasemavyo Waswahili, na mara nyingi husema kweli. Walakini wako wageni wengine ambao wakiisha kuondoka, mwenyeji hubaki na jasho lake na vyombo vya kuosha tu. Katika makala hii nataka tuchunguze habari ya wageni wa namna hiyo, na filamu moja iliyotengenezwa juu ya ziara yao.

Mwaka 1974 mabondia wawili wa Marekani, Muhammad Ali na George Foreman, walikuja Kinshasa kupigania ubingwa wa dunia wa uzito wa juu. Nchi yetu wakati ule iliitwa Zaire. Pamoja nao walikuja makocha, waandishi wa magazeti, wanamuziki na watu wa kamera. Mmoja wa watu hao wa kamera alikuwa Leon Gast. Baada ya miaka 22, mwaka 1996, alitoa filamu ya mambo ya kweli iitwayo When We Were Kings, maana yake «Tulipokuwa Wafalme». Machi 1997 filamu hiyo ilipewa tuzo ya Oscar huko Marekani. Siku hizi vijana wetu wa Bambu huitazama katika simu zao, nao huisifu sana kwa sababu ya Ali.

Wasomaji wapenzi, vijana hao hawakosei kuisifu. Lakini kusifu ni jambo moja, na kutazama kwa akili ni jambo jingine. Twasikia kila mara kwamba mchezo ni kioo cha taifa. Ni kweli, ila kioo huonyesha kile tu kilichowekwa mbele yake. Gast alikiweka kioo chake mbele ya ulingo, akatuonyesha uso wa bondia, nao ni uso mzuri. Watu waliojaa jukwaani aliwaacha gizani. Na watu hao ni sisi.

KILICHO CHEMA KATIKA FILAMU HII

Tuanze na sifa, maana haki ni kumpa kila mtu kilicho chake.

Gast hakuja Kinshasa kwa ajili ya ngumi. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kupiga picha za tamasha kubwa la muziki lililofanyika tarehe 22 hadi 24 Septemba 1974, ambamo waliimba James Brown, B. B. King na Miriam Makeba, na wenyeji kama Franco na Tabu Ley. Pambano la ngumi lilipangwa kufanyika tarehe 25. Lakini siku chache kabla yake Foreman alichanika juu ya jicho akiwa mazoezini, na pambano likaahirishwa hadi tarehe 30 Oktoba. Basi mabondia na watu wao wakakaa kwetu majuma matano zaidi, na kamera zikapata nafasi ya kuzurura. Baadaye yakatokea matatizo ya fedha na mashtaka, na picha zile zikalala miaka mingi kabla ya kuonekana.

Kwa sababu ya majuma hayo twamwona Ali jinsi alivyokuwa. Twamwona akikimbia asubuhi huko N'Sele, penye makao ya serikali kando ya mto Kongo. Twamwona akicheza na watoto. Twamsikia akistaajabia ndege inayoendeshwa na marubani weusi, jambo ambalo hakuwa amelizoea kwao. Furaha yake si ya kuigiza. Mtu aliyezaliwa katika nchi ambamo weusi walifukuzwa kwenye meza za weupe anafika mahali ambapo rubani, askari na waziri wote ni weusi kama yeye. Ni nani asiyeguswa na jambo hilo?

Filamu inaeleza vizuri pia kwa nini watu walimpenda. Tarehe 28 Aprili 1967 Ali alikataa kuandikishwa jeshini wakati wa vita vya Vietnam, akisema kwamba dini yake na dhamiri yake havimruhusu. Akanyang'anywa ubingwa na kuhukumiwa kifungo cha miaka mitano. Hakuingia gerezani kwa kuwa alikata rufani, lakini miaka mitatu na nusu ya nguvu zake ilipotea nje ya ulingo. Juni 1971 Mahakama Kuu ya Marekani iliifuta hukumu ile. Sisi Wakristu hatukuwa na dini moja na Ali, lakini hatuwezi kumnyima heshima mtu aliyekubali kupoteza mali na jina kwa ajili ya dhamiri.

Na pambano lenyewe limeelezwa kwa ufundi. Ali alikuwa na miaka 32, Foreman 25. Foreman alikuwa amewaangusha Joe Frazier na Ken Norton, kila mmoja katika raundi mbili tu, na wengi waliogopa kwamba Ali angeuawa. Lakini Ali aliegemea kamba, akajikinga, akamwacha yule kijana apige mpaka mikono ichoke. Katika raundi ya nane akamwangusha. Mwalimu anayetaka kuwafundisha watoto maana ya subira hatapata mfano ulio wazi kuliko huu.

WASEMAJI NA WAPIGA KELELE

Sasa tuje kwenye kasoro. Katika filamu hii wako watu watano walioketishwa mbele ya kamera miaka ya baadaye ili watueleze maana ya mambo yaliyotokea. Wanne ni Wamarekani: waandishi Norman Mailer, George Plimpton na Thomas Hauser, pamoja na Spike Lee mtengeneza filamu. Wa tano, Malick Bowens, ni mwigizaji kutoka Mali. Mkongo hayumo hata mmoja. Hakuulizwa mama aliyeuza chikwangue mlangoni pa uwanja, wala mpiga ngumi wa Kinshasa, wala mwalimu, wala padri, wala askari aliyelinda mlango.

Je, Wakongo hawamo kabisa? Wamo, tena wengi. Wanacheza, wanakimbia nyuma ya gari la Ali, na zaidi ya yote wanapiga kelele: «Ali, boma ye!» Sisi wa Ituri twajua Lingala, hatuhitaji kufasiriwa: «Ali, mwue!» Hayo ndiyo maneno ambayo dunia nzima imeyapokea kutoka kinywani mwa Wakongo wa mwaka 1974.

Wengine watanijibu: «Katekista, usitie chumvi. Mashabiki husema maneno makali bila kumaanisha damu.» Nakubali. Walakini tazameni mji ule ulikuwa mji gani. Tarehe 2 Juni 1966, katika juma la Pentekoste, wanasiasa wanne walinyongwa hadharani Kinshasa mbele ya maelfu ya watu: Évariste Kimba aliyekuwa waziri mkuu, na waliokuwa mawaziri Jérôme Anany, Emmanuel Bamba na Alexandre Mahamba. Walishtakiwa kwamba walitaka kumpindua Mobutu, na kesi yao ikaamuliwa upesi upesi. Vijana wengi waliokuwa uwanjani mwaka 1974 walikuwa watoto wakati huo. Walijua kwamba umati unaweza kuitwa ili utazame kifo kama mtu atazamavyo mchezo. Kwa watu wa namna hiyo neno «mwue» halikuwa neno jepesi. Filamu inalipokea kama ngoma ya furaha, inalirudia mara nyingi, bila kuwauliza wenyewe walikuwa wakimwambia nani, na kwa nini.

Maana yule waliyetaka auawe alikuwa nani? Foreman alikuwa mtoto wa watu maskini wa Texas, mweusi kuliko Ali. Husimuliwa kwamba alikuja na mbwa mkubwa, na watu wakawakumbuka mbwa wa polisi wa Wabelgiji. Tena mwaka 1968, katika michezo ya Olimpiki ya Mexico, wenzake Tommie Smith na John Carlos waliinua ngumi zao juu kupinga dharau waliyotendewa weusi. Yeye siku chache baadaye alishinda na kupunga bendera ndogo ya Marekani. Basi watu wakamhesabu kuwa mtu wa wakubwa. Wakongo walikuwa na uchungu wa miaka mingi, na hawakuruhusiwa kuutoa mbele ya mwenye kuwaumiza. Wakapewa mgeni mmoja wa kumtolea. Foreman huyo mwaka 1977 akawa mhubiri wa Injili, na mwaka 1994 akaupata tena ubingwa wa dunia akiwa na miaka 45. Alifariki Machi 2025. Hakuwa adui wa mtu yeyote wa Kinshasa.

Liko jambo jingine zito zaidi. Katika filamu Mailer anasimulia kwamba kabla ya pambano Mobutu aliwakamata wahalifu wapatao elfu moja, akawafungia katika vyumba vya chini ya uwanja, na mia moja kati yao wakauawa, ili mgeni yeyote asiibiwe. Kama ni kweli au ni uvumi, mtazamaji haambiwi. Je, habari ya watu mia waliouawa inaweza kusimuliwa kama hadithi ya jioni, kisha tukarudi kwenye muziki? Wangekuwa watu mia wa New York, bila shaka tungeonyeshwa mama zao.

UWANJA ULIOKUWA NA MAJINA MATATU

Gast angetaka kuyajua mambo ya Kongo, asingehitaji kwenda mbali. Angeuliza tu habari za uwanja wenyewe ambamo kamera zake zilisimama.

Uwanja ule ulijengwa kwa juhudi ya padri mmoja wa Scheut, Raphaël de la Kéthulle, ambaye watu wa Kinshasa walimwita Tata Raphaël. Alianzisha shule, vikundi vya skauti na vyama vya mpira, na maelfu ya vijana walipitia mikononi mwake. Uwanja ulifunguliwa mwaka 1952 ukapewa jina la Mfalme Baudouin wa Ubelgiji. Tusifiche ukweli: serikali ya kikoloni ilipenda mpira pia kwa sababu yake yenyewe. Ilidhani kwamba kijana anayecheza Jumapili hatafanya siasa Jumatatu.

Kumbe ilijidanganya. Jumapili tarehe 4 Januari 1959 mkutano wa chama cha Abako ulikatazwa katika mji huo. Watu waliokuja kusikiliza walikasirika. Saa ile ile mashabiki wapatao elfu ishirini walikuwa wakitoka katika uwanja wa Mfalme Baudouin baada ya mechi. Makundi mawili yakakutana barabarani, na moto ukawaka. Serikali ilitaja wafu karibu hamsini, lakini wenyeji walisema ni wengi zaidi. Siku tisa baadaye, tarehe 13 Januari, Mfalme Baudouin mwenyewe alitangaza katika redio kwamba Kongo itapewa uhuru, na tarehe 30 Juni 1960 uhuru ukaja. Kiwanja kilichojengwa ili watu wasahau siasa ndicho kilichowakutanisha.

Mobutu aliielewa habari hii vizuri kuliko Wabelgiji. Hakuogopa uwanja, bali aliutwaa. Ukaitwa uwanja wa 20 Mei, kwa ukumbusho wa chama chake, MPR, kilichozaliwa tarehe 20 Mei 1967. Humo ndimo Ali na Foreman walipopigana. Sura kubwa ya Mobutu ilitundikwa juu, ikiwatazama watu wote. Lakini Mobutu mwenyewe hakuja. Alitazama pambano katika televisheni, nyumbani kwake. Mwenye nyumba hakuthubutu kukaa kati ya watu wake.

Na pambano lilianza saa ngapi? Saa kumi za usiku. Kwa nini saa hiyo, ambayo hata jogoo hajawika? Kwa sababu ilibidi iwe jioni huko Marekani, ili watu wa huko walipe na kutazama. Umati wa Kinshasa ulikesha usiku kucha ukifuata saa ya watu wengine. Kila bondia aliahidiwa dola milioni 5, na Zaire ndiyo iliyobeba mzigo wa kuwaleta. Mwaka huohuo bei ya shaba duniani ikaanza kuanguka. Tangu Novemba 1973 maduka na mashamba ya wageni yalikuwa yamegawiwa kwa wakubwa wa chama, na bidhaa zikaanza kupungua madukani. Sisi wa Bambu twaijua hesabu ya namna hii. Tangu dhahabu ilipogunduliwa Kilo mwaka 1903, imekwenda mbali sana. Mashimo yamebaki hapa.

JINA LA KUCHAGUA NA JINA LA KUAMRIWA

Filamu inapenda sana habari ya jina. Cassius Clay alilitupa jina alilosema ni la utumwa, na mwaka 1964 akawa Muhammad Ali. Alichagua mwenyewe, na alichagua kwa gharama. Wako waliokataa kumwita kwa jina lake jipya miaka mingi.

Sasa mtazame mwenyeji wake. Joseph-Désiré Mobutu naye alibadili jina mwaka 1972, akawa Mobutu Sese Seko. Lakini hakuishia hapo. Aliwaamuru raia wote waache majina yao ya ubatizo. Padri aliyembatiza mtoto kwa jina la Kikristu alitishwa kwa kifungo. Kardinali Malula, Askofu Mkuu wa Kinshasa, ambaye hakupinga mila za wahenga bali alikuwa wa kwanza kuzipenda katika liturjia, alipingana na amri hizo. Mwaka 1972 ikambidi kuondoka nchini na kukaa Roma miezi kadhaa. Mwaka 1974, ule ule wa pambano, sikukuu ya Noeli ilifutwa katika sikukuu za taifa, na mwishoni mwa mwaka shule za misioni zikachukuliwa na serikali.

Hivyo usiku ule wa Oktoba, ulingoni alisimama mtu aliyejichagulia jina, na jukwaani waliketi watu waliokatazwa kutumia majina yao. Wazee wetu wanakumbuka: Petro alikuwa Petro nyumbani na kanisani tu, ofisini alikuwa mtu mwingine. Hapo palikuwa na jambo la kumfanya mtengeneza filamu asimame na kufikiri. Mtu mmoja anaadhimisha uhuru wake katika nyumba ya watu wasio na uhuru, tena anawapenda kweli, nao wanampenda kweli. Filamu ingekuwa kubwa mara mbili kama ingeuona uchungu huo. Yenyewe inatuambia «tulikuwa wafalme». Nani, sisi? Ali alikuwa mfalme, naam. Mobutu alijifanya mfalme. Wale wengine walikuwa wafalme wa usiku mmoja, na asubuhi wakaenda kutafuta mkate.

Wengine watasema kwamba filamu hii ni ya Ali, si ya Kongo, na kwamba kumdai mtu kitu asichoahidi ni kumdai kuku maziwa. Ningekubali kama ingeitwa «Alipokuwa Mfalme». Lakini imesema «sisi», na anayesema «sisi» hana budi kutuonyesha nyuso za wote.

CHUI WALIOSAHAULIKA

Miezi minne tu kabla ya pambano, vijana wetu wenyewe walipita mahali pagumu kuliko ulingo. Machi 1974 timu ya taifa, Leopards, ilitwaa Kombe la Mataifa ya Afrika huko Cairo. Ndaye Mulamba alifunga mabao 9 katika mashindano hayo. Mobutu aliwapa wachezaji nyumba na magari, akawaita mashujaa. Juni wakaenda Ujerumani katika Kombe la Dunia, wa kwanza kutoka Afrika iliyo kusini ya Sahara. Wakafungwa na Uskoti 2-0. Wakasikia kwamba fedha zao zimeliwa na wakubwa, mioyo ikavunjika, wakafungwa na Yugoslavia 9-0.

Mwepu Ilunga, mlinzi wa timu, alieleza miaka mingi baadaye kwamba walinzi wa Rais walifika hotelini na kuwaonya: mkifungwa na Brazili zaidi ya mabao matatu, hamtarudi nyumbani. Walifungwa matatu. Katika mechi hiyo Brazili walipewa mpira wa adhabu, na Mwepu akatoka mbio ukutani na kuupiga mbali kabla Mbrazili hajaugusa. Dunia nzima ilicheka ikasema kwamba Waafrika hawajui sheria. Alizijua. Alikuwa mtu mwenye hofu na hasira, naye hakuwa na njia nyingine ya kusema. Aliporudi nyumbani, timu ile ilisahauliwa. Zamu ya ngumi ilikuwa imefika. Wachezaji kadhaa walizeeka katika umaskini.

Katika filamu ya Gast Leopards hawana nafasi. Lakini mtu asiyejua habari yao hawezi kuelewa pambano la Oktoba. Mobutu alikuwa ameaibika mbele ya dunia kwa miguu ya Wakongo, basi akanunua utukufu kwa mikono ya Wamarekani. Hiyo ndiyo siasa ya michezo katika nchi isiyo na uhuru: mchezaji husifiwa akishinda, hutishwa akishindwa, na hubadilishwa kama shati.

KIOO KIMEVUNJIKA

Tazameni tena tarehe. Tuzo ya Oscar ilitolewa tarehe 24 Machi 1997. Siku hizo nchi yetu ilikuwa vitani. Bunia ilikuwa imekwisha kutekwa na majeshi ya AFDL mwishoni mwa Desemba 1996, na Kisangani ilianguka katikati ya Machi. Wakati Wamarekani walipopiga makofi kwa ajili ya wafalme wa Kinshasa, sisi wa Ituri tulikuwa tumekwisha kuona askari wa mfalme yule wakikimbia huku wakipora. Tarehe 17 Mei Kinshasa ilitekwa, na Septemba Mobutu alifia ugenini, Moroko. Mwaka huohuo uwanja wa 20 Mei ukabadilishwa jina mara ya pili, ukaitwa Tata Raphaël. Na uwanja mpya mkubwa wa Kinshasa, uliokuwa ukiitwa Kamanyola, ukaitwa uwanja wa Mashahidi, kwa ukumbusho wa wale wanne walionyongwa mwaka 1966.

Katika uwanja huo wa Mashahidi, tarehe 2 Februari 2023, Papa Fransisko alikutana na vijana na makatekista. Alipotaja ufisadi, vijana walipaza sauti, na kelele zao ziliwafikia wenye kutawala. Hakuna aliyewafundisha maneno. Hapo uwanja ulisema kwa kinywa chake.

Na mwaka uliofuata tuliona jambo kubwa zaidi. Tarehe 7 Februari 2024, huko Abidjan, timu yetu ilikuwa tayari kucheza nusu fainali ya Kombe la Mataifa ya Afrika na Côte d'Ivoire. Wimbo wa taifa ulipopigwa, wachezaji waliziba midomo kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili wakaelekeza vidole viwili kichwani kama bunduki. Walitaka dunia ijue kwamba mashariki ya Kongo watu wanauawa na hakuna anayesema. Walifungwa 1-0. Lakini ni nani hapa Ituri anayekumbuka bao lile? Tunakumbuka mikono. Mwaka 1974 umati mzima ulipiga kelele, na dunia haikujua Wakongo wanataka nini. Mwaka 2024 vijana kumi na mmoja waliziba midomo, na dunia ikaelewa.

TUFANYE NINI?

Wala msidhani kwamba haya ni mambo ya Kinshasa na Abidjan tu. Katika vita vya Ituri vya mwaka 1999 hadi 2003 watoto wetu waliandikishwa jeshini kabla hawajamaliza shule. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilithibitisha hivyo mwaka 2012, ilipomhukumu kiongozi mmoja kwa kosa la kuandikisha watoto wenye umri chini ya miaka 15. Tangu mwisho wa mwaka 2017 wilaya yetu ya Djugu imelia tena. Mtoto anayeshika bunduki hakuanza na bunduki. Alianza kwa kupiga kelele pamoja na wengine, kelele alizofundishwa na mtu mzima, juu ya mtu asiyemjua. Ndiyo maana siwezi kulisikia lile «boma ye» kwa raha, hata kama Ali alikuwa mwema na muziki ni mtamu.

Basi, wazazi na walimu, msiwakataze vijana kuitazama filamu hii. Waacheni waitazame, wamwone mtu aliyeshinda kwa subira na aliyeiheshimu dhamiri yake. Lakini ikiisha, waulizeni: Katika filamu hii nani amesema, na nani amepiga kelele tu? Saa ya pambano ilikuwa ya nani? Nani alilipa? Kisha waiteni wazee waliokuwa watu wazima mwaka 1974, wawape habari ambazo kamera hazikuzichukua. Wazee hao wanazidi kupungua kila mwaka, na hakuna Gast atakayetoka Marekani kuja kuwauliza.

Na ninyi vijana wa timu zetu za parokia, jambo moja la mwisho. Wakati wa uchaguzi ukikaribia, huja watu wakubwa na jezi mpya na mpira mzuri. Pokeeni mpira, mshukuruni aliyeutoa, mcheze vizuri. Lakini jina lake msilipigie kelele, na maneno ya kumtukana mwingine msiyapokee, hata kama yamekuja pamoja na soda. Siku mtakapocheza na vijana wa kijiji cha kabila jingine, jitungieni wenyewe maneno ya kushangilia, tena yawe ya namna ambayo wale wa upande wa pili wataweza kuyaimba pamoja nanyi. Hivyo, wageni wakija na kuondoka, wenyeji tutapona.